Watoto Aliowaacha Bibiane Nabintu

Padri, ndugu zetu, majirani wa Nsambya na wote mliofika, mimi ni Hippolyte Cirhuza, mdogo wa marehemu baba yake Bibiane, na familia imenituma niwasomee maisha yake, kadiri tulivyoyajua.

Bibiane Nabintu alizaliwa tarehe 14 Machi 1966, Kadutu, mjini Bukavu, akiwa mtoto wa pili wa kaka yangu Gervais Cirhuza na mkewe Vénantie, akasoma shule ya msingi hapo hapo Kadutu kuanzia mwaka 1972 hadi 1978, baadaye akasomea uuguzi, akapata cheti mwaka 1986, na mwaka huohuo akaanza kazi katika zahanati moja huko Walungu, ambako wagonjwa walimpenda kwa sababu hakumfokea mtu.

Tarehe 6 Agosti 1988 alifunga ndoa na Arsène Mushagalusa, fundi cherehani, wakajaliwa watoto wanne, Baguma, aliyezaliwa tarehe 3 Juni 1989, Reine mwaka 1992, Pitshou mwaka 1995 na Princesse mwaka 1998. Wakati wa vita walitawanyika njiani, na walipovuka mpaka wa Bunagana kuingia Uganda mwezi wa Machi 2000 walikuwa watano, si sita. Arsène hakulizungumza hilo hadi alipofariki hapa Kampala tarehe 19 Oktoba 2007, na Bibiane, kila tulipomwuliza habari za Baguma, aliinuka akaenda kuosha vyombo, hata vilivyokwisha oshwa. Hapa mjini aliwaambia watu wamwite Mama Reine, nasi kila Krismasi tulimwombea Baguma bila kujua kama tunamwombea aliye hai au aliyekufa.

Mwaka 2008 jirani mmoja alimpeleka kwenye kikundi cha wafiwa, akakaa humo miezi mingi bila kutamka neno, wala hakuna aliyemharakisha, na baada ya hapo akapata mafunzo ya ushauri, na tangu mwaka 2010 akawa yeye mwenyewe anaongoza vikundi. Wengi wenu mliwaona watu wakitoka katika ukumbi wa vikundi vyake siku ya Alhamisi na macho mekundu, bila wimbo wala ngoma kusikika, na mama mmoja wa sokoni alimsimamisha njiani akamwambia, “Mama Reine, nawe unatuficha! Mnagawana lini?”, akidhani ni kikundi cha akiba, naye Bibiane akacheka, akamjibu, “Tunagawana kila Alhamisi, dada, njoo na ya kwako.”

Kazi yake ilikuwa hivi. Kulikuwa na kikundi cha mafunzo, ambacho yeyote aliweza kuingia siku yoyote, humo aliwaeleza watu kwa nini usingizi unawakimbia na kwa nini moyo unadunda mlango ukigongwa. Wanaoacha pombe walikuwa na chao, kisicho na mwalimu, kila mmoja akimshikilia mwenzake kwa kumsimulia jinsi alivyoimaliza wiki yake. Akina mama wengine walisuka vikapu, kwa kuwa wapo watu ambao mdomo haufunguki mpaka mikono iwe na kazi. Alichokipenda kuliko vyote kilikuwa kile cha wafiwa, watu wanane katika duara, mlango umefungwa, mgeni haingii mpaka wote wakubali, na kinachosemwa humo hakitoki nje.

Mwezi wa Juni 2023 aliugua figo, akatibiwa hospitali ya Mulago, akafariki Jumanne tarehe 11 Februari 2025, alfajiri, Princesse akiwa amemshika mkono.

Nilipokaa Jumatano kuandika haya, nilifika mahali pa kusema ameacha watoto wangapi, nikashindwa kuendelea. Nilimwendea Bwana Kidega, askari mstaafu, mmoja wa watu wa duara lile, nikamwuliza kama Bibiane aliwahi kumtaja Baguma, akanijibu kwa heshima, amesimama wima, “Mzee, alisema. Lakini hilo ni lake, mimi sina ruhusa ya kulitoa nje.” Nikamwambia kwamba huyo ni mtoto wetu, akasema, “Najua, mzee wangu.” Sikupendezwa. Jioni hiyo akaja nyumbani kutuambia kwamba wenzake wote wamekubaliana, kanuni ya Bibiane haivunjwi, ila Reine naye ni mfiwa kama wao, na kiti cha mama yake kiko wazi.

Juzi Alhamisi Reine aliingia, mlango ukafungwa, mimi na Pitshou tukangoja nje, na alipotoka kitambaa chake kilikuwa kimelowa, hakutueleza lolote, wala hatukumwuliza, alinishika mkono tu akasema, “Babu, andika watatu.”

Kwa hiyo Bibiane Nabintu ameacha watoto watatu, Reine, Pitshou na Princesse, na wajukuu wawili, naye ametanguliwa na mumewe Arsène na mwanawe wa kwanza, Baguma Mushagalusa, ambaye leo, kwa mara ya kwanza, tunamwombea kama marehemu. Tarehe ya kifo chake na mahali alipolala nimeviacha bila kuandika, vinajulikana na wanaostahili kuvijua.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa Mulago, majirani mliopika na kukesha nasi, washauri wenzake, na watu wa duara, ambao mmeitunza siri yake vizuri kuliko sisi tulivyojua kuiuliza.

Mama Baguma, pumzika kwa amani, wewe na mwanao.