Alama Zisizo za Mama Mkasi

Wasikilizaji wapendwa, sogeeni karibu. Leo tunamkumbuka mshonaji. Mtaa mzima ulimwita Mama Mkasi, maana mkasi haukumtoka mkononi, na ulimi wake nao ulikata vilevile. Mama Mkasi ametutoka wiki iliyopita, nyumbani kwake, mwanawe akiwa pembeni.

Alishona sare za shule miaka na miaka. Kisha akaanza kusahau. Pasi aliiweka kwenye jokofu. Siku moja alishona shati, mikono yote miwili upande mmoja. Akacheka mbele ya mteja, halafu akaingia chumbani, akafunga mlango, akalifumua.

Mwanawe wa pekee ni fundi wa programu za kompyuta. Akaamua kutengeneza mchezo wa kuzoeza kumbukumbu kwenye tableti, kwa ajili ya wazee wanaosahau. Picha zinatokea, zinafichwa, mzee anazitafuta. Akikosea, kengele inalia. Na wa kwanza kuujaribu alikuwa nani? Mama.

Kila jioni simu ililia: "Mama, leo umepata ngapi?"

Hapo ndipo aibu ilipoingia, wasikilizaji. Mama Mkasi hakuwa akipata hata nusu. Lakini mtoto uliyemsomesha kwa cherehani, utamwambiaje kwamba kichwa kimegoma? Akampelekea tableti mdogo wake wa kike, jirani yake wa ukuta kwa ukuta. "Nichezee wewe. Na ufunge mdomo."

Mdogo wake ametusimulia: "Nilikataa. Akanitazama, nikaipokea. Dada yako akikuomba umsitiri, utafanyaje?"

Majibu yakaja mazuri. Kijana akafurahi, akaongeza picha, akapunguza muda. Mchezo ukazidi kuwa mgumu, yeye akijua mama anauweza. Narudia, wasikilizaji: alikuwa akiupima kwa kichwa cha mama yake mdogo, kichwa kisichosahau hata deni la chumvi.

Ikafika siku ya kuujaribu kwenye kituo cha wazee. Mama Mkasi aliketi mbele, gauni jipya. Dereva mstaafu wa malori akapewa tableti. Kengele. Akajaribu tena. Kengele. Kijana akamtia moyo: "Jaribu tu, mzee wangu. Mama yangu naye anasahau, na huu anaupata wote."

Dereva akaiweka tableti mezani, taratibu. "Basi mimi nimekwisha," akasema. Akachukua kofia yake, akatoka.

Mama Mkasi alitamani ardhi ipasuke immeze. Mdogo wake akamvuta mkono: "Dada, twende." Akajinasua. Akasimama mbele ya watu wote.

"Alama zile si zangu," akasema. "Mimi sipati kitu. Nimekudanganya, mwanangu." Akajifunika uso, akalia.

Kijana ametuambia hivi: "Aibu yangu ilikuwa kubwa kuliko yake. Kila jioni nilikuwa namtahini mama yangu, nikidhani namjulia hali."

Walimfuata dereva nyumbani kwake. Mama Mkasi akaomba radhi mlangoni. Mzee aliwakaribisha vizuri, akawapa viti, lakini tableti hakuigusa tena. Mengi Mama Mkasi aliyasahau baadaye. Hilo hakulisahau.

Mchezo ukaanza upya, mama na mwana wameketi meza moja. Safari hii alikosea waziwazi. "Hapa napotea," anasema, na mwanawe anarekebisha hapo hapo. Kengele ikatolewa. Alama zikatolewa. Sasa picha haimuulizi mzee kitu. Inajitaja yenyewe kwanza, polepole, naye anaitikia. Miezi ya mwisho, picha ya kijana ilipotokea ilisema: "Mimi ni mwanao." Mama Mkasi akajibu kila mara, kama ni habari mpya: "Haya, karibu, baba."

Kwa kijana huyu na kwa mama yake mdogo, poleni sana. Tuko pamoja nanyi.

Nasi tulio hai, tujitazame. Tunamwinamia mzee mbele ya wageni: "Unanikumbuka? Mimi nani?" Kisha tunasubiri, naye anahangaika, wengine wanacheka. Ukifika nyumbani leo, mpendwa msikilizaji, usimuulize. Mshike mkono, umwambie: "Ni mimi, mwanao. Nimekuja."