Slaidi Mama

Kijiwe chenyewe ni benchi moja refu la mbao lililoegemea ukuta wa kinyozi, mguu wake mmoja umeinuliwa kwa tofali, kwa hiyo anayekaa mwisho wa kulia hunywa kahawa kwa tahadhari. Wenye benchi ni watatu. Kuna Kiwembe, kinyozi mwenyewe, ambaye mteja akija humwambia asubiri kidogo kuna jambo la maana linazungumzwa. Kuna Fundi Patani, mshona suti, asiyeweza kukusalimia bila kukupima mabega kwa macho. Na kuna Mzee Muhuri, aliyekaa masjala miaka thelathini na moja akipiga mihuri, akastaafu, lakini mpaka leo ukimpa karatasi yoyote huigeuza kwanza kutazama nyuma. Asubuhi hiyo akajitokeza na wa nne, Enta, mchapaji wa duka la fotokopi la jirani, na kompyuta yake ya mapajani iko wazi. Angeiacha dukani yasingemkuta.

Maana Enta alikuwa na kazi, na si kazi ya kuchapa barua za kuomba ruhusa. Kampuni iitwayo Upeo na Mwelekeo, ghorofa ya tatu ng'ambo ya barabara, ilitaka kiolezo cha slaidi cha kwake peke yake, ambacho hakuna kampuni nyingine iliyo nacho. Aliyemletea kazi ni shemeji yake, kaka wa mkewe, mfanyakazi wa hapohapo, ambaye aliapa mbele ya meneja kwamba mtu huyu ni fundi. Saa nne kamili slaidi zinaonyeshwa mbele ya bodi. Zikipendwa, kazi zote za kampuni kwa mwaka mzima zitapitia kwa Enta. Zisipopendwa, mkewe alishamwambia jana, tena kwa upole kabisa, kwamba baba bado anatafuta mtu wa kumtunzia kuku. Enta anawaogopa kuku tangu utotoni, na ukoo mzima wa mkewe unalijua hilo.

Ilikuwa saa mbili na dakika ishirini. Alitaka kahawa moja tu, halafu amalizie.

— Hebu tuone hicho kitu kinachokunyima usingizi, alisema Kiwembe, na kabla hajajibiwa kompyuta ilikuwa imeshahamia mapajani kwake.

— Ni kiolezo, alisema Enta. Kila kitu kiko hapa, kwenye slaidi mama. Nikiweka nembo hapa, zinaipata slaidi zote. Nikibadilisha rangi hapa, zote zinabadilika.

— Uongo, alisema Kiwembe.

Enta akabonyeza. Slaidi arobaini zikawa za kijani kwa mpigo. Kiwembe akaomba arudie, akarudia, zikawa za bluu. Mzee Muhuri akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

— Hiyo ni patani, alisema Fundi kwa utulivu wa mtu aliyekutana na ndugu yake. Mimi nakata karatasi moja, nawashonea wapambe ishirini wa bwana harusi. Ukikosea kwenye patani, umekosea makwapa arobaini.

— Ndiyo hivyohivyo, alisema Enta, na kwa kweli moyo wake ulifurahi. Mkewe alikuwa hajalielewa jambo hilo kwa wiki nzima, na huyu kalielewa kwa kahawa nusu kikombe.

Furaha ile ndiyo iliyomponza, maana alisema neno ambalo hupaswi kulisema kijiweni.

— Mnaionaje?

Kiwembe akajiweka sawa kwenye benchi.

— Iko baridi, alisema. Nyeupe tupu, mstari mmoja chini, nembo pembeni kama imefukuzwa. Ukutani kwangu nina picha za vichwa ishirini na nne. Mteja hasemi neno, ananyoosha kidole tu. Watu wanataka kuona kichwa. Weka sura ya meneja.

— Wapi?

— Kila slaidi. Si umesema ukiweka moja zinapata zote?

— Akifukuzwa kazi je? aliuliza Fundi.

— Anabadilishwa kichwa, mwili unabaki. Suti si ni ileile?

Enta alicheka, lakini mkono ukaenda. Alikuwa na picha ya meneja kwenye simu. Akaibandika pembeni, ndogo tu, ya majaribio. Meneja arobaini wakatokea.

Mzee Muhuri alikohoa kile kikohozi chake cha kufungua kikao.

— Vijana, mnapamba tu. Mimi naona hatari. Slaidi hizi hazina namba ya kumbukumbu.

— Mzee, hizi si barua.

— Kila kitu ni barua, mwanangu, ila vingine havijui. Weka namba ya jalada juu kulia. Chini yake tarehe. Chini ya tarehe, nafasi ya muhuri. Chini ya muhuri, "nakala kwa". Siku bodi wakigeuka wakasema hawakuonyeshwa, utawaambia walionyeshwa, na mbele ya nani.

— Nafasi ya muhuri kwenye ukuta wenye mwanga? alisema Kiwembe. Mtu ataupigaje, apande ngazi?

— Hiyo ni kazi ya utekelezaji, mimi niko kwenye sera.

Enta akaweka namba ya jalada na visanduku vyote chini yake. Alijiambia kwamba mzee yule amekaa ofisini miaka thelathini na moja, na yeye hajawahi kukaa ofisi yenye mlango. Halafu aliona vile visanduku vinakaa vizuri kuliko alivyodhani, na hapo ndipo aibu yenyewe ilipo: alikuwa anaanza kunogewa.

Mama wa kahawa akapita na birika lake, akajaza vikombe bila kuulizwa, akakitupia kioo jicho.

— Huyo mwanamume mbona wengi hivyo? aliuliza, akaenda zake.

— Sasa sikilizeni, alisema Fundi Patani. Suti nzuri huficha. Mteja ana tumbo, mimi nalijua, yeye analijua, lakini koti likivaliwa hakuna tumbo. Kiolezo nacho kifiche. Herufi ziwe ndogo. Ndogo kabisa. Mjumbe wa bodi hawezi kusema hajaona, ataonekana mzee. Atatikisa kichwa.

— Na akiuliza swali? alisema Enta.

— Ataulizaje asichokisoma?

— Mimi nina dawa ya maswali, alisema Kiwembe, na sasa alikuwa amesimama, wembe uko mfukoni, mteja mmoja amejifunika kitambaa shingoni anachungulia mlangoni na nywele nusu. Ile slaidi ya "Asanteni kwa kunisikiliza" mnaiweka mwisho, ndiyo mnapokosea. Iwekeni ya pili. Jina la kampuni, kisha asanteni. Watu wakiona asanteni wanapiga makofi, hiyo ni mazoea, mkono hauna akili. Wakishapiga makofi nani tena atauliza?

Mzee Muhuri aliipinga hoja hiyo kwa muda, akisema shukrani haiwezi kutangulia ajenda, kisha akaikubali kwa masharti kwamba ipewe namba.

— Na mshale, aliendelea Kiwembe. Mkubwa, mwekundu, unapanda.

— Unapanda kutoka wapi kwenda wapi? aliuliza Enta.

— Kutoka chini kwenda juu, ndugu yangu. Umewahi kuona kampuni ina mshale unaoshuka?

Wakaweka mshale. Wakaweka mikono miwili inayopeana salamu, kwa sababu Fundi alisema kampuni isiyo na mikono hiyo huonekana ya matapeli. Wakaweka dunia nyuma ya mikono, kwa sababu Mzee alisema mikono haiwezi kuning'inia hewani. Ubishi ukawa kama dunia izunguke au itulie. Kiwembe alitaka izunguke. Fundi akasema wajumbe wengine wana presha. Wakakubaliana izunguke polepole, na Enta, mtu mzima mwenye mke na watoto wawili, alikaa pale anapunguza mwendo wa dunia kwa kidole.

Ilipofika saa tatu na robo aliinua uso, akaona kwamba ni saa tatu na robo.

Wakati huo alikuwa ameshafika dada mmoja, akaomba kahawa, akakaa ule mwisho wa kulia bila kujua habari za tofali. Alivaa sketi ya ofisini na viatu ambavyo ulikuwa unaona vinamuuma. Alikuwa ameshika bahasha kifuani, anasikiliza. Hakuna aliyemjali.

— Samahani, kaka zangu, na wewe mzee wangu, shikamoo.

— Marahaba, alisema Mzee Muhuri.

— Nimesikia mkitaja Upeo na Mwelekeo. Kwani kampuni hiyo inafanya kazi gani?

Kiwembe alicheka kidogo, kwa huruma ya mwenyeji kwa mgeni.

— Si bima hao, dada.

— Bima wapi, alisema Fundi. Wanaagiza mbegu.

— Wanapima viwanja, alisema Mzee Muhuri. Nimeona wakishusha kile chombo cha miguu mitatu.

— Hicho kilikuwa cha kamera, alisema Kiwembe.

Wote wakamgeukia Enta. Na Enta, ambaye amekaa na kampuni ile wiki nzima, anayeijua nembo yao mpaka pembe zake, akazipitisha slaidi upesi kutafuta jibu, asilione. Alikumbuka meneja akizungumza dakika arobaini kuhusu suluhisho jumuishi na kuongeza thamani. Alikumbuka yeye akitikisa kichwa. Kila neno lilikuwa la Kiswahili na alilielewa. Aliona haya kuuliza, akahisi mtu mwenye akili angeshajua, na sasa haya zile zilimrudia zote pamoja, mpaka masikio yakawa ya moto.

— Wewe unauliza kwa nini? alisema, kwa ukali asioukusudia.

— Naanza kazi pale leo, alisema yule dada. Mimi ndiye nitakayesimama mbele ya bodi saa nne. Wameniambia nisihangaike, yote nitayakuta kwenye slaidi.

Fundi Patani akampima dada mabega kwa macho.

— Kwenye usaili walikuuliza nini? alisema Enta.

— Kama naweza kusimama muda mrefu.

Enta akainuka, akasogea hatua mbili, akampigia simu shemeji yake.

— Shemeji, samahani kwa swali. Hivi ninyi hapo kazini mnafanya nini hasa?

Upande wa pili palikuwa na kelele za watu wakisogeza viti. Shemeji akashusha sauti.

— Nani kakuambia?

— Kaniambia nini?

— Hilo ndilo swali walilouliza bodi mwezi uliopita. Meneja akawaambia watajibiwa leo. Ndiyo maana tukakuita wewe, shemeji. Nina miaka mitano hapa, usiniangushe.

Simu ikakatika. Enta akarudi na kuwaeleza ukweli wote, maana hakuwa na nguvu ya kutunga mwingine. Dada alisikiliza mpaka mwisho. Akanywa kahawa yake yote, akaweka kikombe chini, akaitazama ile dunia inayozunguka polepole nyuma ya mameneja arobaini.

— Twende wote, alisema. Wewe utabonyeza, mimi nitasimama.

— Na wakiuliza?

— Nitawaambia hilo ni swali zuri sana.

— Halafu?

— Halafu wewe bonyeza inayofuata.