Mstari wa Arobaini

Mheshimiwa Diwani, Ndugu Afisa Elimu Kata, walimu wenzangu, wazazi wa Nkuhungu, ndugu wageni waalikwa. Wakubwa wangu, shikamooni.

Mmeniaga ninapostaafu, mmenisifu kwa miaka thelathini na nne ya kazi, mmenivisha mgolole wa heshima, na mmesema Mwalimu Elieza hakuwahi kuvunja kanuni ya mtihani. Ni kweli. Ndiyo maana leo nimekuja na shajara yangu, niwasimulie siku moja iliyoandikwa humo.

Jumatano, tarehe 13 Septemba 2023, nilisimamia mtihani wa darasa la saba katika shule moja ya Kondoa. Karatasi ilikuwa ya Hisabati. Binti mmoja, Naima, aliruka swali la kumi na tisa ili alirudie baadaye. Swali aliliruka, lakini kwenye fomu ya kusiliba majibu, yenye mistari arobaini, hakuuruka mstari wake. Jibu la ishirini likaingia mstari wa kumi na tisa, na yote yaliyofuata yakafuata kosa hilo. Niliona. Kanuni ilinikataza kusema, nikapita kama sijaona. Mwishoni akanyoosha mkono.

"Mwalimu, mbona mstari wa arobaini umebaki mtupu?"

"Kaa kimya, binti. Muda umekwisha."

Alitoka analia, na karatasi zilizofuata alizifanya kwa hofu. Hakuchaguliwa kwenda sekondari. Nilipokwenda kwao Januari iliyofuata, mama yake, Bi Sikudhani, aliniambia, "Mwalimu, huyu ndiye aliyepima kiwanja cha msikiti wetu kwa kamba, fundi akaja akakuta pembe zote ziko sawa. Nyie mmempima nini?"

Nami nauliza: tumempima nini? Miaka saba ya kuuliza, kukosea na kusahihishwa tunaifunga katika siku mbili na fomu inayosomwa na mashine. Na sisi walimu, kwa kuiogopa mashine hiyo, kila mwaka tangu Januari tunaacha kufundisha, tunakaririsha majibu ya mitihani iliyopita. Mtoto asiyeulizwa "kwa nini" atajifunza lini kufikiri?

Ndugu Afisa Elimu, siombi mtihani ufutwe. Naomba utufikishie huko juu kwamba alama za darasani za miaka yote ziwekwe mezani pamoja na fomu hiyo, na mtoto kama huyu apate mlango wa kurudi.

Naima ameketi pale nyuma na mama yake. Bado anataka shule. Mwanangu, njoo mbele. Siku ile ulinyoosha mkono, nikakunyamazisha. Leo hakuna kengele, na wakubwa wamo humu.

Ninyi nyote mlionisikiliza mimi, nawashukuru. Sasa msikilizeni yeye.