Sauti Yangu Juu ya Lori

Wazee wetu, akina mama, na nyinyi vijana mliojazana hapo mlangoni, asanteni kwa kunipa nafasi katika mkutano huu wa mtaa. Nitaongea nimesimama, ingawa haya inanivuta nikae.

Mama yangu mnamjua, anauza mboga hapa mtaani tangu nikiwa mtoto. Enzi hizo kanjo, wale askari wa jiji, wakija kubomoa vibanda, yeye ndiye aliyeanzisha wimbo. Ulikuwa wimbo wa kulimia kutoka kwao Magharibi, akautia maneno yake. "Twende wapi?" anauliza, na akina mama waliokalia meza zao wanaitikia: "Hatubanduki!" Ndugu zangu, nawaambia, nimeona wanaume wenye marungu wakikosa pa kuanzia.

Sasa sikieni nilichofanya mimi. Kibanda changu cha mitumba soko la Gikomba kiliungua, nikabaki bila kazi, mlevi, mtu wa kukwepa marafiki. Mheshimiwa mmoja akatafuta mwimbaji wa kampeni. Nikauchukua wimbo wa mama, nikaurekodi. "Mheshimiwa anakuja!" naimba mimi, na watu waitikie, "Karibu baba!"

Mama aliusikia ukipita barabarani. Alifunika mboga zake akaingia ndani. Afadhali angenitukana.

Mheshimiwa akashinda. Haukupita muda mrefu, akaitaka ile ardhi ya vibanda vya akina mama. Asubuhi moja tingatinga lilikuja, na mbele yake lori lenye spika, mimi nikiwa juu yake nimevaa fulana yenye picha yake. Niliambiwa nipige rekodi ili watu watulie.

Mama akasimama kuanzisha. Kila alipofungua mdomo, sauti yangu ikamfunika, tena kwa wimbo wake mwenyewe. Akina mama wakabaki wanatazamana. Nilitamani lori linimeze.

Lakini kuna kitu nilikuwa nimesahau. Kule studio niliacha nafasi baada ya kila mstari, kwa sababu ndivyo nilivyofunzwa kuimba. Wimbo wetu usipoacha nafasi ya kuitikia, huo ni kelele tu. Binti mmoja msusi, wa hao vijana wanaomwita mama shosho, yaani nyanya, akaruka juu ya meza. "Manze, hii si ni ngoma ya shosho? Itikieni!"

Spika ikasema, "Mheshimiwa anakuja!"

Mtaa mzima: "Hatubanduki!"

Dereva akanifokea, "Zima hiyo kitu!" Sikuzima. Msinisifu, jamani. Sikuwa shujaa, nilichofanya ni kutogusa kitufe tu. Wakaitikia mpaka tingatinga likarudi nyuma, na mimi nikashuka, nikavua ile fulana.

Nakushukuru, binti msusi. Nawashukuru majirani mlionifuata kule kwenye pombe ya chang'aa mkanirudisha nyumbani, mara nyingi kuliko nilivyostahili. Na nyinyi vijana, mkiimba barabarani siku hizi, imbeni kwa midundo yenu, hatuna neno. Ila ulizeni kwanza wimbo umelinda nani, kabla hamjampa mwenye lori.

Nilimwomba mama aniruhusu niimbe naye tena. Akasema, "Utaitikia. Kuanzisha, ngoja kwanza." Kwa hiyo mkiniona nyuma kabisa, kati ya wanaoitikia, msinivute mbele. Mama amekaa pale, kiti cha pili. Bado hajaniambia kwamba amenisamehe, na mimi sitamharakisha.