Maisha ya Fundi Rejeta na Gitaa Lake la Chuma

Marehemu kaka yetu, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Fundi Rejeta, alizaliwa Jumatatu tarehe 14 Machi 1949, mtoto wa kwanza wa baba seremala na mama mshonaji. Tulizaliwa wanne. Wawili walishatangulia, naye sasa amewafuata. Amebaki mmoja, mdogo wake anayemfuata, ambaye ndiye aliyepewa na familia kazi ya kuandika wasifu huu. Anaomba avumiliwe pale atakapozungukazunguka, maana kuna jambo humu ndani ambalo limemkaa kooni miaka thelathini na miwili.

Marehemu aliingia darasa la kwanza mwaka 1957 na kumaliza la nane mwaka 1964. Darasani alikuwa wa katikati tu. Ila sikio lake halikuwa la katikati. Siku moja katika kipindi cha kuimba alinyoosha kidole akasema, “Mwalimu, kinanda chetu kimepotoka sauti, hicho kitufe cha tatu kutoka kushoto.” Akala fimbo mbili kwa utovu wa adabu. Muhula uliofuata alikuja fundi wa vinanda, akagusagusa, akasema, “Kibovu ni hiki cha tatu.” Mwalimu hakuzirudisha zile fimbo.

Mwaka 1966 alianza kazi katika gereji iliyokuwa nyuma ya stendi ya mabasi, akajifunza kuziba rejeta za magari kwa risasi ya kuyeyusha, na hapo ndipo alipokaa hadi alipostaafu mwaka 2007. Wenzake walitumbukiza rejeta kwenye pipa la maji wakatafuta mapovu kwa macho. Yeye aliinama akasikiliza. Alikuwa anasema, “Linavuja huku chini, pembeni,” hata kabla povu halijapanda.

Gitaa alilipata mwaka 1974. Bendi ya hoteli ilikuwa inavunjika, basi lao likafa njiani, na marehemu akalishughulikia siku mbili. Mpigaji wao mzee akamlipa kwa gitaa la chuma. Kwa wale ambao hawakuwahi kuliona kwa karibu: mwili wake ni wa shaba iliyopakwa nikeli, linang'aa kama kioo, na tumboni lina kifuniko chenye matundu. Chini ya kifuniko kuna sahani ya alumini, nyembamba sana, imesimama kama pia ya watoto ya kuchezea. Sauti yote inatoka humo. Yule mzee alimwambia, “Kijana, ilimradi linaimba, usilifungue. Siku likikataa kuimba, hapo ndipo uulize nani kaligusa.”

Marehemu akalishika neno hilo. Kila alipomaliza kupiga alilipangusa kwa kitambaa kikavu, kwa sababu jasho la mikono hula nikeli. Hakulisugua kwa majivu wala mchanga. Waya alibadilisha mmoja mmoja, kamwe hakulegeza zote sita kwa pamoja, kwa kuwa waya ndizo zinazoikandamiza ile sahani ikae mahali pake. Na mtu akiliegemea kwa kiganja pale kwenye kifuniko, alifukuzwa hata akiwa mjomba. Harusini watu walimtania, “Fundi, hilo ni gitaa au rejeta?” Akawajibu, “Rejeta. Likichemka mniongezee maji.” Halafu akaanza kupiga, na utani ukaisha wenyewe.

Tarehe 4 Desemba 1976 alifunga ndoa na shemeji yetu, mshonaji wa sare za shule, aliyefanya kazi kwenye kibaraza cha nyumba yao ile ya vyumba vitatu. Walijaliwa binti mmoja na wavulana wawili. Shemeji alilipokea gitaa kama mke mkubwa. Jumamosi akimuona mumewe na kitambaa, aliuliza, “Mke mwenzangu kaogeshwa?”

“Bado mgongo.”

“Basi ukimaliza kumremba, na mimi nipo huku. Nina siku nyingi sijapanguswa.”

Sasa mdogo wake afike pale anapoogopa kufika.

Agosti 1991 marehemu na shemeji walisafiri wiki mbili kwenda kumuuguza mama mkwe. Gitaa likabaki kwa mdogo wake. “Lisikae juani, na usilifungue,” ndivyo alivyoagizwa. Mdogo mtu alichungulia kwenye yale matundu akaona vumbi. Akajiambia, kaka amelibeba jina la familia hii kila ukumbi, nami nimfanyie jambo. Hakuwa na nia mbaya. Lakini alizilegeza waya zote sita, akafungua skrubu, akaitoa sahani na kuipangusa kwa kitambaa kibichi. Kidole gumba kikazama. Pakabonyea kipande kama ukucha. Akapasukuma kwa nyuma kwa mgongo wa kijiko mpaka pakaonekana sawa, akarudisha kila kitu, akakaza waya.

Marehemu aliporudi hakuvua hata viatu. Akalitoa kwenye sanduku, akapiga, akasimama. Akapiga tena ule waya mnene.

“Unasikia?” akauliza.

“Nasikia nini, kaka?”

“Kama nzi kwenye glasi.”

“Mimi sisikii kitu.”

Nzi alikuwepo. Mdogo mtu alimsikia vizuri tu.

“Uliligusa?”

“Sikuligusa.”

Marehemu alimtazama, na wala hakuwa na shaka usoni. Hilo ndilo linalouma zaidi kuliko kidole. Akasema, “Kama hukuligusa, basi ni masikio yangu. Nyundo za gereji zimeshanila.”

Hakulifungua. Angelifungua vipi, ikiwa kwa neno la mdogo wake hakuna aliyeligusa? Badala yake alikwenda hospitali kupimwa masikio. Daktari akamwambia yamechakaa kidogo, kama ya mafundi wote. Marehemu akalitwaa hilo “kidogo” akalifanya hukumu. Tangu hapo hakupiga tena mbele ya watu. Hata kwenye pipa la rejeta akaacha kuinama, akawa anatafuta mapovu kwa macho kama wenzake.

Ila kulitunza hakuacha. Kila Jumamosi kitambaa, na waya mmoja mmoja, miaka nenda rudi, gitaa ambalo halikuwa likienda popote. Mwaka 2003, kwenye harusi ya binti yake, bibi harusi mwenyewe alimfuata mezani. “Baba, wimbo mmoja tu.” Akamjibu, “Mwanangu, sikio langu linanidanganya. Nisije nikakuharibia siku.” Mdogo wake alikuwa amekaa kiti cha pili kutoka hapo. Alikuwa anakula, na akaendelea kula.

Mwishoni mwa mwaka 2022 marehemu alianza kuvimba miguu, na ikaonekana moyo umechoka. Alilazwa hospitali mara tatu. Mwezi wa Aprili mdogo wake alikwenda amekusudia kusema. Akaanza, “Kaka, lile gitaa...” Marehemu akamshika mkono. “Lichukue wewe. Wewe ndiye niliyekuachia nikalikuta salama.” Na yule mdogo, mzee wa miaka sabini, akajibu, “Ahsante, kaka.”

Alifariki Ijumaa tarehe 2 Juni 2023, saa nne asubuhi, mkewe akiwa kando yake.

Juzi mdogo wake alikaa na binti wa marehemu, wakafungua kifuniko, akamwonyesha mahali palipobonyea. Binti alipapapasa kwa muda mrefu. Kisha akasema, “Baba mdogo, sijui kama nitakusamehe. Ila uliyoniambia chumbani humu, yaseme mazishini mbele ya watu, maana ni mbele ya watu alikoacha kupiga.”

Basi yasikieni, nyote mliocheza harusi zenu kwa waya zake, na mliomuona akikataa mkadhani anaringa. Masikio yake yalikuwa mazima. Alisikia sawasawa. Aliyekosea ni mdogo wake, kwanza kwa kidole, kisha kwa ulimi, na ulimi ndio uliomnyamazisha.

Marehemu ameacha mke, binti, wavulana wawili, wajukuu saba na mdogo mmoja. Gitaa mdogo wake hatalichukua. Amemkabidhi binti, pamoja na kitambaa.

Pumzika kwa amani, kaka. Nzi alikuwepo.