Msamaha Uliokatwa Mkia

Duka la kahawa la Koh Asen, hapo kona ya barabara ya Gajah Mada mjini Pontianak, lina benchi moja refu barazani, na mguu mmoja wa benchi hilo ni tofali. Anayekaa upande wa tofali ndiye huwa na maneno mengi, sijui kwa nini. Asubuhi hiyo alikaa Mufti, mtu ambaye dini hakuisoma lakini hakuna jambo asilolitolea fatwa. Kando yake Modem, wa kwanza mtaani kuingiza intaneti nyumbani, na tangu siku hiyo hajawahi kusema neno "sijui". Mwisho kabisa, chini ya tundu la ndege asiyeimba, alikaa Pak Syafrani, ambaye watu humwita Posta kwa kuwa alisambaza barua za mji huu mpaka akastaafu. Katikati ya Modem na Posta palikuwa na nafasi. Ni ya Mukhlis kinyozi. Mukhlis mwenyewe alikuwa ng'ambo ya barabara, mlangoni pa duka lake la kunyolea, amewapa mgongo.

— Leo tena kanywa chai nyumbani, alisema Modem. Kinyozi na chai wapi na wapi.

— Amenuna, alisema Mufti. Na haki yake. Posta amemkata ndege.

Posta aliinamia kikombe chake. Alikuwa anakoroga kahawa isiyo na sukari.

Mambo yenyewe yalianza Idd. Wote wanne walisoma darasa moja, na darasa hilo lina kundi lake la barua pepe. Ukituma barua moja inawafikia wenzako wote, wa Jakarta, wa Kuching, mpaka yule aliyeolewa Rotterdam. Msimamizi ni Hermanto wa Surabaya, aliyekuwa kiranja wao wa darasa na mpaka leo hajapona. Basi Idd ilipofika kila mtu akaomba radhi kundini, kwa makosa ya dhahiri na ya moyoni, kama ilivyo desturi, na kila aliyejibu akaiacha barua ya mwenzake chini ya jibu lake, na ya mwenzake wa kabla chini ya hiyo. Mpaka magharibi barua moja ilikuwa ndefu kama kamba ya kisima, na visanduku vya watu vikajaa, havipokei tena. Hermanto akapiga marufuku: kata yasiyohusika, bakiza yale tu unayoyajibu.

Posta akatii. Mukhlis alikuwa ameandika: "Ndugu yangu Syafrani, nisamehe kwa maneno yangu, kwa matendo yangu, na kwa yule ndege." Posta akanukuu mpaka "matendo yangu", chini yake akaandika: "Nimesamehe." Akatuma, akaenda kula.

Yule ndege ni murai wa Posta, aina inayofugwa kwa ajili ya sauti yake. Alikuwa akiimba asubuhi mpaka Koh Asen anazima redio. Usiku wa kuamkia Idd Mukhlis alimwazima, akamtundika ukingoni mwa mto Kapuas, pale watu wanapofyatua mizinga ya kishindo iliyochongwa kwa magogo, kuikaribisha Idd, eti ndege naye asherehekee. Wakafyatua. Tangu hapo ndege hajatoa hata mluzi.

— Kosa lako, Posta, ni kujibu chini, alisema Modem. Jibu huwekwa juu. Mtu akifungua barua akutane nalo mlangoni.

— Juu? alisema Mufti. Ukiweka msamaha juu ya ombi, umesamehe kabla hujaombwa. Hiyo ni sawa na kufuturu saa nane mchana.

— Sasa ukiliweka chini, si mtu atashuka mpaka azeeke?

— Ashuke. Wahenga walisema mpanda ngazi hushuka.

— Hawakuwa wanazungumzia barua pepe.

— Ulikuwepo?

Modem akaona njia hiyo imefungwa, akapita nyingine.

— Hamkuiona ile barua ya Idd vizuri nyinyi. Kila neno la mwenzio linawekewa kishale pembeni. Jibu la jibu, vishale viwili. Msamaha wa Mukhlis ulipofika kwa Hermanto ulikuwa umechomwa vishale mwili mzima kama umetoka vitani. Lazima ukatwe. Kata pua uunge wajihi.

— Kata, ndiyo, alisema Mufti. Lakini fahamu hukumu yake. Dhambi uliyoinukuu ndiyo uliyoisamehe. Usiyoinukuu inabaki shingoni mwa mwenyewe.

— Imeandikwa wapi?

— Imeandikwa.

— Basi wacha nikwambie usilolijua. Kilichokatwa hakipotei. Kinakaa kwenye mitambo kule Marekani, maghala na maghala. Hivi tunavyoongea yule ndege yuko Marekani, na hajasamehewa.

Mufti akafikiri.

— Na viza kapataje?

Koh Asen akatoka na sahani ya ndizi za kukaanga. Yeye hana kompyuta, ana chujio la kahawa na macho.

— Mimi mteja akiniagiza kahawa, maziwa, barafu, nami nikarudia, "kahawa, maziwa", anajua hapo hapo kwamba barafu hapati.

Posta aliweka kijiko chini.

— Sheria imesema kata, alisema. Nimekata. Mimi nimesambaza barua za watu maisha yangu yote, sijapunguza hata nukta.

— Za watu, alisema Mufti.

Posta alitazama ng'ambo. Mgongo wa Mukhlis ulikuwa umekonda, au ni shati. Alikuwa na hamu naye sana, na hamu hiyo ilimuudhi. Maana ukweli alikuwa anaujua. Kidole chake kilikuwa juu ya kitufe, maneno ya Mukhlis yanajifuta moja moja kutoka mwisho, na kingeweza kusimama popote. Kilisimama kilipomaliza ndege.

— Na Jumapili? aliuliza Modem, sasa kwa sauti ndogo.

Jumapili Rosmala binti Mukhlis anaolewa. Watu wa bwana harusi watakuja na mashairi yao, na mlango haufunguliwi mpaka upande wa bibi harusi uwajibu ubeti kwa ubeti. Rosmala hajaota meno Mukhlis alishasema mbele ya benchi hili: siku yake, atakayejibu mlangoni ni Syafrani. Na wiki hii nzima hakuna aliyekuja kumkumbusha.

— Watamweka Hermanto, alisema Mufti. Atawaambia wakwe wakate beti zisizohusika.

Hakuna aliyecheka, kwa sababu Rosmala alikuwa anavuka barabara na chupa ya chai mkononi. Akawabusu wazee mikono mmoja mmoja, akampa Koh Asen chupa aitie kahawa ya baba yake, kisha akasimama mbele ya Posta.

— Pak Long, alisema, yaani baba mkubwa, kama alivyomwita tangu utotoni. Umemsamehe baba kwa ajili ya ndege, au hujamsamehe?

Mufti akanywa kikombe ambacho kilikuwa kitupu. Modem akaanza kulichunguza lile tofali.

— Unajua, mwanangu, alisema Posta, sheria za kundi...

— Mimi simo kundini.

Posta akainua macho. Ndege alikuwa anamtazama kwa jicho moja. Wiki nzima alitaka kusema ndiyo, na kila asubuhi kimya cha lile tundu kilimziba mdomo.

— Sijui, alisema.

— Haya. Na Jumapili nani atanijibia mlangoni?

— Mimi. Kwani ulitaka nani?

Rosmala akashusha pumzi, naye Posta akagundua kwamba mtoto huyu alikuwa na hofu muda wote.

— Na nitakuja na ndege, aliendelea Posta. Ila mwambie baba yako, safari hii tundu nitalitundika mwenyewe.

— Nimwambie hivyo hivyo?

— Hivyo hivyo. Usikate hata neno.

Rosmala akavuka akasahau na chupa. Walimwona anasema, na baba yake anasikiliza mpaka mwisho. Kisha kinyozi akageuka, akalitazama benchi kwa mara ya kwanza tangu Idd.

— Posta, aliita kutoka ng'ambo. Kahawa ipo?

— Imekwisha, Koh Asen alijibu kutoka ndani. Mpaka nichemshe nyingine.

Posta akajisogeza, nafasi ikawa kubwa zaidi.

— Njoo hivyo hivyo, alisema.