Kikohozi Kwenye Kaseti

Mshonaji alitaka kulala treni ilipoondoka, lakini kwenye kiti cha mbele kulikuwa na maneno.

"Sasa mama, unalia nini?" mzee fundi redio alimwuliza jirani yake aliyekumbatia kaseti. "Roki ya zamani, magitaa yanalia kama paka juu ya bati, na fundi wako kaisafisha sauti. Kakufanyia hisani!"

"Hisani? Baba watoto aliirekodi albamu hii kinasa sauti kikiwa mbele ya redio. Kwenye wimbo wa mwisho, gitaa linapopanda, akakohoa, akasema, 'Samahani, mke wangu.' Nilimzika miaka kumi na mmoja iliyopita. Nilikuwa nasikiliza hapo tu, na ndipo fundi alipofuta. Hayo magitaa siyapendi hata leo."

Wengine huachiwa nyumba, mshonaji aliwaza. Huyu aliachiwa kikohozi.

"Si sauti ya zamani ipo?" mzee akauliza polepole.

"Karekodi hiyo safi juu yake."

Mzee akatazama mikono yake. "Hata mimi, mama, ningekifuta kikohozi hicho."

Treni ikasimama. Mama akashuka na kaseti yake, safi kama chungu cha nyumba yenye njaa.